UZI: Mtangazaji wa mpira kwenye TV anadumuje miaka 40 na zaidi? Tuongelee kazi yenyewe, siyo sauti tu

Mwana wa Dimba

Wakuu, salaam. Kila tukianza kuzungumzia watangazaji wakongwe tunaishia kwenye sauti: huyu ana besi, yule anajua kupiga ukunga bao likiingia. Sauti inakufungulia mlango, lakini haikuweki ndani miaka 40. Vin Scully alianza kutangaza mechi za besiboli za Dodgers mwaka 1950 akiwa na miaka 22, akaweka maiki chini Oktoba 2016 akiwa na miaka 88. Misimu 67, timu moja. John Motson, mtangazaji wa mpira wa miguu Uingereza, alikuwa BBC tangu 1968 mpaka 2018, akapita Kombe la Dunia mara 10 na fainali 29 za Kombe la FA. Koo peke yake haliwezi kubeba mzigo huo. Kilichobeba ni karatasi, sikio, na kujua wakati wa kunyamaza.

Naanza na karatasi, wengine mjazie vifaa na koo.

Chukua A3 moja, ilaze kwa upana, uikate katikati upate vipande viwili. Timu moja kila kipande. Wapange wachezaji kama watakavyosimama uwanjani, kipa pembeni, mabeki, viungo, washambuliaji, wakielekea upande ule ule watakaoshambulia kwa macho yako ukiwa kibandani. Sababu ya kukata ni mapumziko: timu zikibadilishana magoli na wewe unabadilishana vipande, basi. Ukiwa na karatasi nzima, kipindi cha pili kizima winga wa kulia kwenye karatasi atakuwa kushoto uwanjani, na hapo ndipo majina yanaanza kuchanganyika.

Kila mchezaji apate kiboksi cha kama sentimita 5 kwa 4. Namba ya jezi iandikwe kwa kalamu nene, kubwa kuliko kitu kingine chochote, maana jicho linaloshuka kutoka uwanjani lina nusu sekunde tu kabla halijatakiwa kurudi. Chini yake andika jina linavyotamkwa, siyo linavyoandikwa kwenye jezi. Halafu vitu visivyozidi vinne: umri, mechi na mabao ya msimu, alikotoka, na jambo moja la mtu mwenyewe. Rangi za kalamu chagua leo na usizibadilishe maisha yako yote. Kama bluu ni mabao na nyekundu ni kadi, ibaki hivyo, ili baada ya miaka mitano jicho lifuate rangi kabla hujasoma neno.

Wa akiba wapange kwa namba, siyo kwa herufi. Ubao wa mwamuzi wa akiba unaonyesha namba.

Kalamu Nyekundu

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza mambo mawili kwenye karatasi.

Kikosi rasmi kinatoka kama saa moja hivi kabla ya mechi, lakini karatasi inatakiwa iwe tayari tangu jana yake. Ukiandika moja kwa moja kwenye A3, kocha akibadilisha watu watatu karatasi yako inakuwa uwanja wa vita. Andika kila mchezaji kwenye kikaratasi cha kunata, kikosi kizima, watu 25 mpaka 30. Kikosi kikitoka unabandika 11 mahali pake, wa akiba chini, wengine unaondoa. Mabadiliko ya mfumo dakika ya 60? Unahamisha kikaratasi.

La pili, weka orodha fupi pembeni yenye kichwa "ikitokea". Akifunga fulani, ni bao lake la ngapi. Akipata kadi fulani, anakosa mechi ipi. Timu ikipoteza, inashuka nafasi gani. Hesabu hizi ufanye nyumbani ukiwa umetulia. Mtu akijaribu kuzifanya dakika ya 88 huku mpira unachezwa, ndiyo unasikia "bao lake la tano, samahani, la sita."

Na wino unaoenea ukilowa usiupeleke uwanja wa wazi. Penseli au kalamu ya wino mkavu, juu yake karatasi ya nailoni, na vibanio vinne kwenye pembe. Upepo mmoja tu unakumaliza.

Fundi Mitambo

Mimi nashika upande wa vifaa.

Ile maiki mnayoiona mtangazaji kaibana mdomoni kama anainusa inaitwa maiki ya mdomoni. BBC ilianza kubuni za namna hiyo miaka ya 1930, na ya Coles 4104 inatumika mpaka leo. Juu yake kuna kipande cha chuma kinachogusa mdomo wa juu. Siyo pambo, ndicho kinachoshika umbali usibadilike. Ndani kuna utepe mwembamba sana wa chuma katikati ya sumaku, wazi mbele na nyuma. Kelele za uwanja zinatoka mbali, zinaufikia utepe pande zote mbili karibu sawasawa, zinafutana. Sauti yako iko karibu, inapiga upande mmoja kwa nguvu kubwa zaidi, inabaki. Kwa hiyo unaweza kuzungukwa na watu 60,000 na mtu aliye nyumbani akakusikia vizuri.

Matatizo yake nayo yanajulikana. Bao linaingia, mtangazaji anasimama, mkono unashuka sentimita tatu: sauti inanyauka na uwanja unaimeza. Wakati ule ule ambao kila mtu alitaka kusikia jina! Dawa ni kuegemeza kiwiko kifuani ukiwa umesimama. La pili, usiipulize kujaribu kama inafanya kazi, utepe unavutika na hautarudi. Hesabu moja mpaka kumi kwa sauti utakayotumia kwenye mechi, maana ukijaribu kwa upole, fundi ataweka kiwango cha upole na bao la kwanza litapasua.

Maiki ya kwenye hedifoni inakuachia mikono yote miwili kwa ajili ya karatasi, hiyo ndiyo faida yake. Iwe pembeni ya mdomo, vidole viwili hivi kutoka kwenye kona, isikae mbele ya pumzi. Herufi P na B zitakusaliti ikikaa mbele.

Mbele yako kuna kisanduku chenye vitufe. Kimoja kinawasha na kuzima maiki. Kimoja cha kukohoa: unakishikilia, hewani unakatika, ukiachia unarudi. Kingine cha kuongea na prodyuza bila watazamaji kusikia. Hicho cha tatu ndicho kimewaponza wengi, unadhani umekibonyeza kumbe kidole kiko pembeni, na maneno ya kibandani yanaenda nyumbani kwa watu. Bandika utepe wa rangi juu yake, na chukulia kila maiki iko hewani mpaka ukifika nyumbani.

Chipukizi07

Wakuu nashukuru sana. Swali: macho yanakaa wapi? Kwenye monita au uwanjani? Na prodyuza akiongea sikioni wakati wewe unaongea, unamsikilizaje?

Bi Mchambuzi

> Chipukizi07 alisema: macho yanakaa wapi? Kwenye monita au uwanjani?

Mdogo wangu, mpira ukiwa unachezwa, macho uwanjani, kwa sababu huko ndiko unaona beki aliyechelewa kurudi na kibendera kilichoinuka. Kabla ya kulitaja jambo, dokoa monita: mtazamaji anakiona unachotaka kusema? Kama kamera iko kwenye uso wa kocha na wewe unasimulia krosi, umewapa watu redio na picha zisizoelewana. Wakati mchezo umesimama, monita ndiyo bosi. Picha ikienda kwa mtoto anayelia jukwaani, acha takwimu za kona.

Kuna wakati monita yenyewe haikuwepo. Tarehe 26 Agosti 1939 Red Barber alitangaza mechi ya kwanza ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani kuonyeshwa kwenye televisheni, kutoka Ebbets Field, Brooklyn. Kamera mbili, monita hakuna. Alikuwa hajui kwa uhakika watazamaji wanaona nini. Nawaomba wote wanaolalamikia monita ndogo wakumbuke hilo.

Kuhusu sikio: sikio moja linapokea mwenzako na sauti za uwanja, la pili linapokea prodyuza, na la prodyuza liwe chini kidogo. Maneno yake ni machache na yanajirudia: "marudio yanakuja", "takwimu kwenye skrini", "sekunde 10". Ukizoea msamiati wake husikilizi tena, unapokea tu. Mwiko ni kumjibu hewani au kukata sentensi katikati kwa sababu ameongea. Maliza sentensi, halafu fuata.

Zoezi la bure: cheza taarifa ya habari sikio moja, soma gazeti kwa sauti, kisha eleza taarifa ilisema nini. Siku za kwanza hutoboi. Wiki ya tatu utashangaa.

Kalamu Nyekundu

Bi Mchambuzi kagusa redio na picha, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Tarehe 22 Januari 1927 BBC ilitangaza mpira wa miguu redioni kwa mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United, Highbury, mtangazaji Teddy Wakelam. Gazeti la ratiba lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye namba, na sauti ya pili ikawa inataja mpira uko mraba upi. Redioni unachora uwanja. Kwenye TV uwanja umeshachorwa. Ukisema "anapokea mpira upande wa kulia, anageuka" umemsimulia mtu kitu anachokiona. Mpe jina, basi. Jina litajwe mpira unapomgusa, siyo kabla.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Kitenzi chetu kimoja kina mtendaji, wakati na mtendwa ndani yake. "Kona. Inachongwa. Kichwa! Imetoka." Sentensi nne, maneno manne, hakuna kilichopungua.

Na ukimya. Tarehe 15 Oktoba 1988, mechi ya kwanza ya fainali za besiboli Marekani, Kirk Gibson akiwa na miguu inayouma alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja na mechi ikaisha pale pale. Vin Scully alikuwa anatangaza NBC. Alisema mpira umekwenda, kisha akanyamaza zaidi ya dakika moja. Watu wakamwona Gibson akizunguka akichechemea, wakasikia uwanja ukivuma. Baada ya hapo ndiyo akasema neno. Nenda katafute video, weka saa mkononi uhesabu. Utaona dakika moja hewani ilivyo ndefu, na imani aliyohitaji kuiacha ipite.

Mzee wa Nukta

Nakubaliana na ukimya, ila nina pingamizi kwa wanaosema matokeo yasitajwe kwa kuwa yameandikwa kwenye kona ya skrini.

Huyo huyo Red Barber alikuwa anaweka saa ndogo ya mchanga ya dakika 3 mbele yake. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anaigeuza. Alijifunza redioni, ndiyo, lakini mtazamaji wa TV hakai kama sanamu. Yuko jikoni, anamvisha mtoto nguo, macho yake hayaoni herufi ndogo. Wapo wasioona kabisa na wanafuatilia mpira kwa TV hiyo hiyo. Kuwanyima matokeo kwa dakika 15 eti picha inajieleza ni kuwasahau watu. Kila dakika tatu ni nyingi kwa TV, sawa. Kila dakika tano mpaka saba, kwenye mpira wa kurusha au mchezaji akitibiwa, haimsumbui mtu yeyote.

Kingine kinachofanana na hicho: Uingereza ilianza rangi kwenye BBC2 Julai 1967, lakini kwa miaka mingi baadaye nyumba nyingi zilikuwa na TV nyeusi na nyeupe. Mtangazaji wa snuka Ted Lowe ilibidi awafikirie watu hao, aeleze mpira wa rangi fulani uko wapi kwenye meza ambayo kwao yote ni kijivu. Na alikuwa ananong'ona, maana alianza kazi akiwa amekaa katikati ya mashabiki, hana kibanda, wachezaji wanamsikia.

Bi Mchambuzi

Mzee wangu, hapo umenishinda. Naondoa msimamo wangu wa zamani kwamba matokeo yasitajwe.

Niongelee marudio. Tarehe 7 Desemba 1963, mechi ya mpira wa Kimarekani kati ya Jeshi la Nchi Kavu na Wanamaji wa Marekani, mwongozaji Tony Verna wa CBS alirudisha bao hewani papo hapo kwa mashine ya tepu yenye uzito wa zaidi ya nusu tani. Mtangazaji Lindsey Nelson akalazimika kuwaambia watazamaji kwamba timu haijafunga tena, wanaona kile kile. Tangu siku hiyo mtangazaji ana nyakati mbili kinywani, na wengi wanaziparaganya.

Moja kwa moja ni "anapiga". Marudio ni "alipiga", au bora zaidi, muachie mchambuzi. Mgawanyo ni huu: mtangazaji anaeleza nani, wapi, nini, mchambuzi anaeleza kwa nini na vipi. Marudio ya kwanza mchambuzi anaingia, mtangazaji anakaa kimya, na mpira ukianza tena mchambuzi anakata hata kama hoja haijaisha. Mkubaliane ishara kabla: mkono kwenye mkono wa mwenzako maana yake "nakuja". Wanaoongea kwa kupandiana wengi hawana ugomvi, ila hawakukubaliana ishara.

Kukosea kutaja mfungaji ndiko kunakoharibu sifa ya mtangazaji kuliko kosa lolote. Watatu wameruka, mmoja kagusa. Sema "bao!", taja timu, vuta pumzi, angalia nani anakimbiliwa na wenzake. Mfungaji huwa anakimbia akiwa na uso wa mfungaji. Sekunde mbili hizo hakuna atakayekudai, jina la uongo watalidai miaka 20. Njoo mapema kwenye mazoezi ya kupasha, andika rangi ya viatu, nywele, soksi zilizoshushwa, anayekimbia na mabega juu. Namba ya mgongoni haionekani mtu akikuelekea.

Siku hizi ongeza VAR, iliyoingia Kombe la Dunia mwaka 2018. Bao lolote lenye shaka, furahi, lakini usijenge sentensi ya historia mpaka mpira uwekwe katikati.

Fundi Mitambo

Nilisahau kutangaza ukiwa studio mbali na uwanja, kwa kutazama monita tu. Setilaiti iko kilomita kama 36,000 juu. Kupanda na kushuka, picha inachelewa karibu robo sekunde kabla hata mitambo mingine haijaongeza ya kwake. Ukirudishiwa sauti yako mwenyewe na ucheleweshaji huo, ulimi unaanza kujikwaa kama mlevi. Hivyo fundi lazima akupe mchanganyo wenye kila kitu isipokuwa sauti yako. Ukisikia mwangwi wako, usijikaze, vua sikio moja na umwambie kwa kitufe.

Na kwa kuwa huoni kibendera wala benchi, usimhukumu mshika kibendera kabla picha haijamwonyesha.

Chipukizi07

Na koo je? Dakika 90 nikimaliza mazoezi nakuwa sina sauti.

Kalamu Nyekundu

Ukimaliza huna sauti maana yake unapandisha kwa koo badala ya pumzi. Anza mechi chini, sauti ya kuongea na mtu upande wa pili wa meza. Ukianza juu dakika ya 5, dakika ya 90 huna pa kwenda ila kupasuka. Maji ya kawaida, kidogo kidogo, kuanzia masaa kadhaa kabla, kwa sababu maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti moja kwa moja, yanapitia mwilini kwanza. Usikwaruze koo: kila "ehem" inagonganisha nyuzi. Meza mate au kunywa funda. Pipi kali za minti zinakupa ubaridi tu na kuficha maumivu, unaendelea kujiumiza bila kujua. Sauti ikikwama zaidi ya wiki mbili tatu, mwone daktari wa koo.

Mzee wa Nukta

Kuna jambo hatujaligusa na ndilo linalowatenga wakongwe na wengine. Siku mpira unapokoma kuwa mpira. Tarehe 5 Septemba 1972, Olimpiki ya Munich, Jim McKay wa ABC ilikuwa siku yake ya mapumziko. Wanamichezo wa Israeli walipotekwa, akaitwa, akakaa hewani zaidi ya saa 12. Ukimtazama, hapandishi sauti hata mara moja. Anasema kinachojulikana, anatenganisha na tetesi. Mwisho, baada ya habari za matumaini zilizogeuka kuwa za uongo, ndiye aliyewaambia Wamarekani kwamba wote 11 wameuawa, kwa maneno machache mno.

Mtangazaji wa michezo ajiandae na siku hiyo. Mchezaji akianguka bila kuguswa, sema umeona nini, sema madaktari wameingia, usitaje ugonjwa, usikisie, usiombe marudio. Familia yake inaweza kuwa inatazama na haijapigiwa simu bado.

Chipukizi07

Asanteni wazee wangu na dada zangu. Sasa mtu aanzie wapi kabla hajapewa maiki?

Mwana wa Dimba

Kabla sijajibu, angalia Motson. Februari 1972 alipelekwa Hereford, timu ndogo, icheze na Newcastle ya daraja la kwanza, ndilo la juu kabisa wakati ule. Ilitarajiwa kuwa kipande kifupi mwishoni mwa kipindi cha TV. Hereford ikashinda 2–1 muda wa nyongeza, kikawa kichwa cha kipindi, na majina yote alikuwa nayo. Mechi ndogo iandalie karatasi ya fainali, kila mara.

Zoezi: zima sauti ya TV, rekodi mechi kwa simu dakika 20 bila kukata. Kesho yake chagua dakika tano, ziandike neno kwa neno. Piga mstari chini ya kila ulichosema ambacho picha ilishakionyesha. Zungushia duara kila "kwa kweli", "bila shaka" na "kama unavyoona". Weka alama ya saa kila ulipotaja matokeo na kila ulipokaa kimya zaidi ya sekunde nne. Usijihukumu kwa kusikiliza tu, sikio linajisamehe, karatasi haisamehi. Halafu rudia dakika hizo hizo tano, safari hii karatasi ya wachezaji ukiwa umeifunika. Majina yatakayokukwama ndiyo ya kuandika upya kwa kalamu nene. Ukimaliza weka rekodi hapa kwenye uzi, tutaisikiliza.